Matairi Mapya au ya Ritredi: Nilivyoamua kwa Jimny Yangu ya Kisoro

Gari langu ni Suzuki Jimny yenye rimu za inchi 15, na kazi yake kubwa huku Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, ni kunifikisha kwa wakulima wanaochukua mbegu za viazi kwangu, kuanzia vijiji vilivyo chini ya mlima Muhabura hadi mashamba ya upande wa Nkuringo. Mara chache huteremka nalo Kabale, na mara chache zaidi hufika Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 450. Matairi yake yalipokaribia kwisha, nilitakiwa kuchagua kati ya manne mapya, ambayo bei yake ingemeza faida ya msimu mzima, na manne ya ritredi, yaani ya zamani yaliyovishwa mpira mpya wa juu, ambayo bei yake ilikuwa juu kidogo ya nusu ya mapya.

Ushauri haukukosekana. Shemeji yangu ana teksi ya abiria inayokwenda Kabale na kurudi, naye amekuwa akifunga ritredi kwenye magurudumu ya nyuma kwa miaka mingi bila malalamiko. Jirani yangu, aliyewahi kuona gamba la tairi la lori likiruka barabarani karibu na Mbarara, aliapa kwamba hata akipewa bure hatayafunga. Hofu ya jirani inaeleweka, lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliofanywa kwa ajili ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani na kutolewa mwaka 2008, uliona kwamba magamba yanayookotwa barabarani hutoka kwenye matairi mapya na ya ritredi kwa uwiano unaokaribiana na jinsi yanavyotumika. Joto linaloletwa na upepo mdogo na mzigo mkubwa linaweza kubandua mpira wa tairi lolote. Tena matairi ya ndege za abiria huvishwa mpira mpya mara kadhaa kabla ya kutupwa, na hakuna abiria anayeulizwa kama anaridhika. Kwa hiyo swali la kama ritredi ni kitu kibaya nililiacha mapema. Lililobaki ni kama inafaa gari dogo linalopita juu ya mawe.

Jibu nililitafuta kwenye matairi yangu yaliyokufa. Nyuma ya nyumba nilikuwa nimehifadhi yote yaliyowahi kutolewa kwenye gari hili, na fundi wangu wa pancha alikuwa na mengine ya magari yanayofanana nalo. Tuliyapanga uani, tukayakagua moja baada ya jingine tukiuliza swali moja tu: hili liliuawa na nini? Machache yalikuwa yamekwisha kashata kihalali, yaani mpira wa juu unaogusa barabara ulikuwa umelika hadi kufikia zile alama ndogo za milimita 1.6 zilizo ndani ya mifereji. Mengi yalikuwa bado na kashata ya kutosha, lakini ubavu ulikuwa umechanwa, au umevimba mahali ambapo nyuzi za ndani zimekatika. Mtu aliyezoea Kisoro hatashangaa. Mawe ya volkano ambayo wakulima wetu huyaokota mashambani na kuyarundika kando ya njia yana makali, na katika njia nyembamba gari halina pa kukwepa. Gurudumu linapopanda kati ya mawe mawili, ubavu ndio unaosuguliwa. Fundi alinyanyua tairi moja lenye kashata nzuri sana, akaingiza kidole kwenye mpasuko wa ubavuni, akasema, “Mzee, hili ukilivisha mpira mpya utakuwa umepamba maiti.”

Hata hivyo sikutaka kuamua kwa maneno ya uani. Niliposafiri kwenda Kampala nilibeba matairi manne yaliyoonekana kuwa na mbavu nzima, nikayapeleka kwenye kiwanda kinachovisha matairi ya malori, wakaniruhusu kutazama kazi. Kwanza tairi hukaguliwa ndani na nje chini ya taa kali, likiwa limetanuliwa ili mipasuko iliyojificha ijitokeze. Kisha mashine hukwangua kashata ya zamani hadi ubaki uso ulio sawa na wenye mparuzo, matundu ya misumari yakazibwa, uso huo ukapakwa tabaka nyembamba ya mpira laini wa kushikisha, na juu yake ukazungushwa mkanda wa kashata mpya ambao umekwisha kutengenezwa na michoro yake. Mwisho tairi huvalishwa mfuko wa mpira na kuingizwa kwenye tanuri lenye joto na mgandamizo, likakaa humo kwa saa kadhaa hadi tabaka zote zishikane. Ni kazi ya heshima ikifanywa hivyo, na haina uhusiano wowote na ile tabia ya kuchonga mifereji kwa kisu cha moto kwenye tairi la kipara, ambayo kwa tairi la gari dogo ni kupunguza mpira uliobaki kulinda nyuzi, basi.

Lakini katika hatua zote hizo hakuna inayogusa ubavu. Ziko njia nyingine za kuvisha, ambazo tairi lote huingizwa kwenye kalibu na kupakwa mpira hadi ubavuni, lakini hata hapo nyuzi zinazobeba mzigo ni zilezile zilizokwisha kupigwa na mawe. Mkaguzi wa kiwanda alikataa mawili kati ya manne yangu baada ya kuyatanua, akanionyesha mistari ya nyufa ambayo mimi na fundi wangu hatukuiona. Nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu kiwanda kinachokataa fedha yako kina uwezekano mkubwa wa kuwa makini na kile kinachokubali. Alinishauri pia nisikubali kubadilishana matairi yangu na ya mtu mwingine yaliyokwisha kuvishwa, kwa kuwa historia ya tairi la mgeni haijulikani. Niliandika kwenye daftari namba za kiwanda zinazofuata herufi DOT kwenye ubavu wa kila tairi, ili nitakapopokea nijue kuwa nimerudishiwa yangu.

Jambo lililonifanya nifikiri zaidi kuliko bei ni mfumo wa gari lenyewe. Jimny yangu, inapowekwa katika kuvuta magurudumu yote manne, huunganisha mhimili wa mbele na wa nyuma moja kwa moja, bila difrensha ya katikati ya kusawazisha mizunguko. Magurudumu ya mbele yakiwa na mzingo tofauti na ya nyuma, mihimili hiyo miwili hushindana, na kwenye ardhi ngumu mvutano huo huishia kwenye gia na shafti. Tairi la ukubwa wa 205/70R15 lina kipenyo cha takriban milimita 668, yaani mzingo wa mita 2.1 hivi. Kashata ya mbele ikiwa nene kwa milimita 5 kuliko ya nyuma, mzingo hutofautiana kwa zaidi ya sentimita 3 kila mzunguko. Kwenye tope tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo ikamezwa. Kwenye mwamba mkavu wa Muhabura haina pa kwenda. Kwa hiyo wazo la kununua mawili mapya na kuvisha mawili, ambalo mfuko wangu ulilipenda sana, lilianguka hapo. Yalipaswa kuwa manne yanayolingana au basi, na mimi nilikuwa na matairi mawili tu ya zamani yaliyopita ukaguzi.

Kulikuwa pia na usukani. Mhimili wa mbele wa gari hili ni mzima, si wa magurudumu yanayojitegemea, na magari ya namna hiyo hutambua haraka tairi lisilo na uwiano wa uzito: usukani huanza kutetemeka, na mtikisiko hukua wenyewe. Ritredi iliyofanywa vizuri husawazishwa kwa vipande vya risasi kama tairi jingine lolote, lakini inakubidi uwe karibu na mashine ya kusawazisha, na huko ninakofanyia kazi mashine hiyo haiko jirani.

Hesabu ya fedha niliifanya kwa kilomita. Nilichukua bei ya tairi, nikaigawa kwa kilomita ambazo ningetarajia lidumu katika njia zangu, nikitumia tarakimu za mita nilizokuwa nikiandika kila tairi lilipofungwa na kutolewa. Kwa teksi ya shemeji, inayokula kashata kwenye lami na kuacha mbavu zikiwa nzima, ritredi inashinda bila ubishi. Kwa gari langu, tairi likipasuliwa ubavu nusu ya maisha yake likiwa bado, kila kilomita iliyokwisha kupita inakuwa imegharimu maradufu, na nafasi ya kupasuka ni kubwa zaidi kwa tairi ambalo mwili wake umekwisha kuzeeka. Punguzo la bei lilikuwa linanipa kashata, kitu ambacho mimi nilikuwa nakitupa kikiwa bado kizima.

Nilikopa kidogo kwenye sakosi yetu, nikanunua manne mapya yenye ubavu uliotengenezwa kwa tabaka nyingi zaidi, ya michoro ya wastani inayovumilia lami na matope. Kununua nako kulitaka macho. Muuzaji mmoja alinionyesha matairi yanayong’aa kwa rangi ya kupaka, lakini tarakimu nne za mwisho baada ya DOT zilimsaliti: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, na hayo “mapya” yalikuwa yamekaa ghalani tangu kabla sijaanza biashara ya viazi. Niliondoka. Kwa mwingine nilikuta yaliyotengenezwa miezi michache tu kabla, yenye alama 96S, yaani kila moja linaweza kubeba kilo 710 na kuhimili mwendo wa kilomita 180 kwa saa, ambao Jimny haitaufikia hata ikisukumwa na upepo wa mteremko wa Kanaba.

Tangu hapo upepo naupima mwenyewe, asubuhi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa bado baridi. Mafundi wengi hujaza kipimo kimoja kwa kila gari linalosimama mbele yao, lori au pikipiki, ilhali gari jepesi kama hili linahitaji upepo mdogo kuliko wanavyodhani; kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango ndicho kinachoamua. Tairi lililojazwa kupita kiasi huwa gumu, na likichomwa na jiwe halibonyei.

Yale matairi mawili ya zamani yaliyopita ukaguzi sikuyatupa. Moja nililivisha, nalo ndilo tairi langu la akiba, kwa sharti kwamba likifungwa nitumie magurudumu mawili ya kuvuta tu, mwendo wa polepole, hadi kwa fundi wa karibu. La pili nililivisha pia na kumwuzia shemeji, ambaye kwa bahati rimu za gari lake dogo la nyumbani ni za ukubwa uleule, na kwake lami ndiyo kila kitu. Haya mapya nayo nimekusudia kuyatoa kashata ikibaki milimita 3 hivi, kabla mpira haujafika mahali ambapo mashine ya kukwangua haitakuwa na cha kukwangua bila kugusa nyaya za chuma zilizo chini yake, kisha yote manne yapelekwe kwa yule mkaguzi ayatanue chini ya taa yake. Yatakayokubaliwa yatavishwa kwa ajili ya magari ya mjini.