Nguo kubwa, nguo mpya

Tangu nilipoanza kusomea shahada ya kwanza ya isimu, yaani taaluma ya lugha, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kwa hiyo unajua lugha ngapi?" Jibu langu huwavunja moyo waulizaji, kwa kuwa lugha ninazozungumza hazijaongezeka hata moja tangu siku niliyojiandikisha. Wapo wanaisimu wenye lugha kumi na wapo wenye mbili, wala shahada yenyewe haidai wingi huo. Inachodai ni kwamba uitazame upya lugha ambayo umekuwa ukiisema tangu utotoni bila kuitilia maanani.

Katika somo la fonolojia, yaani mpangilio wa sauti za lugha, mhadhiri wetu aliandika ubaoni: nguo nzuri, nguo mbaya, nguo ndefu, nguo kubwa, nguo fupi, nguo mpya. Akatuagiza tutafute kanuni, kisha akatoka. Kila aliyekuwamo darasani angeweza kuyasema maneno hayo usingizini, lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini yanakuwa hivyo.

Niliketi nayo jioni nzima. Vivumishi hivyo hupokea kiambishi cha nazali, yaani sauti ya puani kama n au m: mbele ya z kinabaki n, mbele ya b kinakuwa m, kwa sababu midomo inajiandaa kufungwa, na mbele ya r, nazali inabaki ila r yenyewe inageuka kuwa d, ndiyo maana "-refu" huwa "ndefu", kama vile l ya "ulimi" inavyogeuka katika "ndimi". Mbele ya sauti zisizo na ghuna, yaani zisizotetemesha nyuzi za sauti kooni, kama k na f, nazali hudondoshwa kabisa. Nilikabidhi kazi yangu kwa majivuno, nayo ikarudi na neno moja tu la wino mwekundu: "Mpya?"

Kwa kweli p haina ghuna, na kwa kanuni yangu tungepaswa kusema "nguo pya". Ilinichukua siku mbili kung'amua kwamba tatizo halikuwa sauti bali urefu wa neno. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na shina "-pya" lina silabi moja tu. Nazali ikiondoka, mkazo unakosa pa kukaa. Kwa hiyo inabaki, inajitegemea kama silabi na kuubeba mkazo huo, kama ilivyo katika "nchi" na "nta". Sijawahi kufurahia kosa langu kiasi hicho.

Si masomo yote yana utamu huo. Fonetiki, somo la utamkaji wa sauti, ilianza kwa kukariri alama za chama cha kimataifa cha fonetiki, kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, na majuma ya kwanza yalikuwa ya kujitazama kinywani kwa kioo. Nadharia za mwanaisimu Mswisi Ferdinand de Saussure tulizipitia mbiombio, ingawa bado hunishangaza kwamba kitabu chake mashuhuri kilitoka mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, kikiwa kimeundwa kutokana na madaftari ya wanafunzi waliomsikiliza. Semantiki, somo la maana, nayo iliwashtua wenzangu waliodhani wameikimbia hisabati, kwani mantiki ina alama zake na hazina huruma. Halafu kuna mzigo wa istilahi: kitabu kimoja kinasema "irabu", kingine "vokali", huku "shamirisho", kule "yambwa". Nadhani robo ya muda wangu wa mwaka wa kwanza iliishia katika kugundua kwamba maneno mawili yana maana moja.

Sintaksia, somo la muundo wa sentensi, ndiyo iliyoniharibia mazungumzo ya nyumbani. Juzi dada yangu alinipigia simu akaniambia, "Nimemkuta mama wa yule binti aliyelazwa hospitalini." Nikamuuliza, "Dada, aliyelazwa ni mama au binti?" Akadhani ninajali, akaanza kunieleza habari za ugonjwa, kumbe mimi nilikuwa nimeshachora michoro miwili ya matawi: mmoja ukilifunga "aliyelazwa" kwa binti, mwingine ukilipandisha hadi kwa mama. Alipoisikia kalamu ikikwaruza karatasi, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba siku hizi nasikiliza anavyosema na si anachosema. Nilimwomba radhi kwa dhati, nikamuuliza hali ya mgonjwa. Alikuwa binti. Nikakata mchoro wa pili.