Alasiri ya Kololo

Baba mdogo alikataa kukaa. Tulifika mapema na tukapata nafasi safi kwenye nyasi za mteremko, lakini yeye alishikilia kwamba mbio za nyika hutazamwa kwa miguu. Alikuwa sajini mstaafu wa polisi, na kule kambini Naguru kila mtu, hata watoto wake mwenyewe, walimwita Afande. Enzi zake aliwahi kushindana mbio kwa niaba ya kikosi chake, kwa hiyo alijiona mwenyeji wa shughuli ile.

Ilikuwa Jumapili, 26 Machi 2017, mara ya kwanza Uganda kuandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Uwanja wa Kololo, hapa Kampala, ndipo bendera yetu ilipopandishwa tulipopata uhuru mwaka 1962. Siku ile bendera hiyohiyo ilikuwa mashavuni mwa watu, vichwani, mgongoni mwa watoto, na muuza chapati mmoja alikuwa ameifunga kiunoni kama aproni. Jua lilikuwa kali mno kwa mtu anayekimbia.

Kabla ya mbio za mwisho tulikuwa tumeshashiba furaha. Jacob Kiplimo, kijana wa Bukwo mwenye umri wa miaka 16 tu, alikuwa ametwaa dhahabu ya vijana wa chini ya miaka 20. Wanawake wa Kenya nao walikuja wakazoa nafasi sita za kwanza, Irene Cheptai mbele. Tukawapigia makofi, ingawa mama mmoja wa Kapchorwa aliyesimama karibu nasi alisema makofi yana kiasi, mgeni asimalize chakula chote mezani.

Kisha wakaja wanaume wa kilomita 10. Joshua Cheptegei alikuwa na miaka 20. Tulimjua: bingwa wa dunia wa vijana wa mita 10,000 mwaka 2014, wa sita katika Olimpiki ya Rio, na zaidi ya yote alikuwa mwanapolisi. Kambini hilo lilimaanisha ni mtoto wetu, hoja ikaishia hapo. Mbele yake alikuwapo Geoffrey Kamworor wa Kenya, aliyekuja kutetea taji lake.

Cheptegei hakusubiri. Alichomoka, akawaacha, na kila alipopita chini yetu pengo lilikuwa limepanuka. Sijawahi kusikia kelele za namna ile, si uwanja wa Namboole wala mahali pengine. Watu walikuwa wakikimbia kando ya kamba kumfuata, wakianguka, wakiinuka. Afande peke yake alikunja uso. Akaweka viganja mdomoni na kupiga ukelele wa gwaride: "Tulia, kijana! Tulia!" Mama wa Kapchorwa akamgeukia kwa hasira. "Mzee, unamrudisha nyuma mtoto wa watu?"

Cheptegei alipoingia mzunguko wa mwisho alikuwa mbele kwa sekunde zaidi ya kumi. Vijana nyuma yangu walikuwa wameshaanza kuimba.

Mimi niliona mabega kwanza. Yalipanda juu, karibu na masikio. Halafu hatua zikafupika, halafu akaanza kuyumba. Kelele hazikukatika mara moja. Zilipungua kwa mafungu, kwa kadiri watu walivyoelewa. Kamworor akampita bila hata kumtazama, akaenda kuchukua dhahabu yake. Wakapita wengine, na wengine tena. Mama wa Kapchorwa alikuwa anasema na Cheptegei kwa Kisabiny, lugha ya kwao wote wawili, kwa sauti ya chini ya haraka, kama mtu anayemwongoza mtoto kuvuka mto.

Cheptegei angeweza kutoka pembeni. Wakimbiaji wakubwa hutoka, na hakuna anayewalaumu. Yeye aliendelea, mguu mmoja ukimtafuta mwingine, akamaliza wa 30. Kesho yake niliwasikia watu wakisema kijana alikuwa na pupa, na nilikasirika. Kukimbia na Wakenya ukingoja mita za mwisho nao ni ujinga wa aina yake. Alijaribu kuwavunja mapema, tena kwao, mbele ya watu wake. Jua na kelele zetu vilikuwa na sehemu yao.

Tulirudi Naguru kwa miguu, tukibishana. Afande alishikilia: nguvu alikuwa nazo, ila alizitumia kama mshahara wa siku ya kwanza ya mwezi.

Yaliyofuata yanajulikana. Machi 2019, Aarhus, Denmark, mbio zilezile: Cheptegei wa kwanza, Kiplimo wa pili, Kamworor wa tatu. Mwaka 2020 Cheptegei aliivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 iliyokuwa ya Kenenisa Bekele kwa miaka 16, akaiweka 12:35.36 kule Monaco, na miezi miwili haijaisha akachukua na ya mita 10,000. Olimpiki ya Tokyo, dhahabu ya mita 5,000.

Agosti 2024, Paris, Waethiopia waliisukuma mbio ya mita 10,000 tangu mwanzo, na Cheptegei akakaa nyuma yao, akakaa, hadi mwisho ulipokaribia ndipo akatoka. 26:43.14, rekodi ya Olimpiki. Simu yangu iliita kabla hajamaliza kuzunguka na bendera.

"Umeona?" Afande alisema. "Hatimaye amenisikia."

Nikamwambia pengine kule Kololo kulikuwa na kelele nyingi. Akasema ndiyo, hasa yule mama.