Kremt ya Addis Ababa si masika ya Dar

Mtu wa pwani akisikia Agosti anawaza kipupwe: upepo wa kusi, jua lisilochoma, nguo zinazokauka kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana tiketi ya Addis Ababa ya mwezi huo humponza. Ule ukanda wa mvua unaotuletea masika kuanzia Machi hadi Mei huwa umeshapanda kaskazini na kutua kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Wenyeji wanauita msimu huo kremt, na unaanza Juni hadi katikati ya Septemba. Julai na Agosti peke yake huleta karibu nusu ya mvua ya mwaka mzima mjini humo.

Ndege na forodha havina la kusimulia. Baridi ndiyo inayo.

Mji uko mita 2,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Agosti joto hugota kwenye nyuzi 20 au 21, na usiku hushuka hadi 10. Kwa vipimo, usiku wa Desemba ni wa baridi zaidi, lakini Desemba kuna jua la kuanika shati. Agosti vyumba havina kipasha joto, kuta zina unyevu, na suruali ya jinzi ukiifua leo utaivaa kesho kutwa ikinuka uvundo. Beba suruali za kitambaa chepesi. Ukishafua, ilaze nguo juu ya taulo kavu, vikunje pamoja kama mkeka, kisha ukamue kwa kukanyaga. Maji mengi yanahamia kwenye taulo na nguo inakauka usiku mmoja. Hoteli niliyofikia ilinitoza kwa dola kwa sababu mimi ni mgeni, na maji ya moto yalitegemea hita ya umeme. Mvua ikianza tu, umeme unakatika, yaani saa ileile unapoyataka hayo maji. Malipo hayakukatika.

Kimo hicho kina mambo mengine. Ngazi za ghorofa mbili zinamhemesha hata kijana. Maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, kwa hiyo maharage yanakaa jikoni muda mrefu na chai ya majani inataka kuachwa ikolee.

Uzuri ni kwamba mvua ya kremt ina ratiba. Siku nyingi asubuhi mlima Entoto unaonekana vizuri, ikifika saa tano mawingu yanaanza kuuficha, na kati ya saa saba na saa kumi mbingu zinafunguka, mvua inamwagika. Mambo ya nje yafanye asubuhi. Makumbusho ya Taifa, yenye habari za Lucy, yule kiumbe wa kale ambaye mifupa yake ilichimbuliwa Afar mwaka 1974, yaweke mchana. Na saa zao ni kama zetu, saa moja ni jua linapochomoza. Msafiri Mswahili asijivune, lakini. Dereva wa teksi anayezungumza Kiingereza atakwambia «two», naye anamaanisha saa mbili asubuhi, wakati wewe umeshageuza kichwani na unamngoja saa nane mchana. Muulize ni asubuhi au ni baada ya chakula. Tiketi za ndege zinafuata saa za kimataifa.

Mchana ulionishangaza ulikuwa pale mzunguko wa barabara uitwao Mexico, kwenye kituo cha basi dogo za bluu na nyeupe. Saa nane na nusu ilishuka mvua ya mawe yenye ukubwa wa kunde. Juu ya bati za vibanda ilipiga kelele hata mtu wa kando yako humsikii. Barabara ikageuka mto kwa dakika chache, na sababu iko wazi: Entoto inapita mita 3,000, mitaa ya kusini iko chini sana, na maji yote ya katikati yanatafuta njia ya kushuka. Mitaro ikizibwa na chupa za plastiki, yanashuka barabarani. Hatari si kulowa, ni mashimo ya mitaro yaliyokosa vifuniko, ambayo huyaoni chini ya maji ya kahawia. Usitangulie. Kanyaga alipokanyaga mwenyeji, na shika upande wa juu wa barabara.

Lakini kilichonifanya nisahau mawe ni foleni. Watu kama mia hivi, mmoja nyuma ya mwingine, miavuli imegusana, na hakuna aliyetoka kwenye mstari. Gari likija wanaingia walio mbele, likijaa linaondoka, wengine wanasogea hatua kumi. Mimi ninatoka mji ambao mvua ikinyesha daladala inapandiwa dirishani, mkoba ukitangulia kushika siti. Nilisimama pale nikijiuliza sisi tulikosea wapi, kwa sababu mwanzoni mwa mstari hapakuwa na askari wala kamba, isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa akiita majina ya vituo.

Konda, hata hivyo, ni ndugu wa makonda wote duniani. Alikatisha ruti. Nusu ya njia alitushusha, gari likageuza, na anayeendelea alipe nauli upya. Abiria walinung'unika kwa Kiamhara, nami nikanung'unika kwa Kiswahili. Teksi za kuita kwa simu nazo zilikuwa zimepandisha bei mara mbili. Tembea na noti ndogo za birr, maana siku ya mvua chenji hupotea.

Mvua ilipokatika, ndani ya saa moja barabara ilikuwa tupu, imebaki changarawe na tope. Kwetu Dar, pale Jangwani, maji yakiingia yanakaa, kwa kuwa Mto Msimbazi hauna pa kuyakimbizia. Addis yanakimbia, na kinachobaki kinaishia kwenye viatu.

Hapo ndipo wanapoingia listro, vijana wasafisha viatu, ambao kremt ndiyo mavuno yao. Anakupa ndara za plastiki uvae. Anakwangua tope la soli kwa kijiti, anachomoa kamba, kisha anapiga povu la sabuni kwa brashi na maji kidogo mno, maana kiatu kikilowekwa gundi inaachia. Povu lenye tope analifuta kwa sponji kabla halijakauka. Viatu vya ngozi huvivui: anachomeka vipande vya kadibodi kati ya soksi na kiatu, kisha ndipo rangi inafuata. Patana bei kabla hujaweka mguu kwenye kisanduku. Mgeni akiuliza baadaye anatajiwa nyingine.

Wenye mji wenyewe baridi hii waliikimbia. Makao ya mfalme Menelik yalikuwa juu Entoto, kwenye ukungu na upepo, hadi mkewe Taytu alipopenda chemchemi za maji moto za Filwoha kule chini, na mji ukaanzia hapo mwaka 1886.

Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe angoje mwisho wa Septemba. Mwaka wao mpya ni tarehe 11, au 12 baadhi ya miaka, na sikukuu ya Meskel ni tarehe 27 au siku inayofuata. Kufikia hapo mvua inapungua na maua ya njano yametapakaa kando ya barabara. Ila weka nafasi ya chumba mapema, kwa kuwa wiki ya Meskel hata hoteli isiyo na maji ya moto inapandisha bei.