Muhtasari wa kikao cha pamoja unathibitishwa na nani?

Bodi ya SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) na Kamati ya Usimamizi, ile inayoangalia kazi za Bodi, wanakaa meza moja asubuhi, wanakubaliana, wanakunywa chai, wanaondoka. Mwezi unaofuata Bodi inaufungua muhtasari huo kwenye kikao chake cha kawaida, inarekebisha aya mbili, mwenyekiti anasaini, mhuri unagongwa. Kamati inakuja kuuona umeshafungwa kwenye faili, na hoja yake ya tatu imegeuka "kamati ilitoa maoni". Hapo ndipo barua za malalamiko zinapoanza.

Kanuni yenyewe ni fupi: wenye kikao ndio wenye kuthibitisha. Chombo kingine chochote kikiletewa muhtasari ambao si wake, kinaupokea tu. Kinaweza kuujadili, kuukataa ushauri uliomo, hata kuandika barua ya kupinga, lakini hakigusi maneno yake.

Chukua Kamati ya Mikopo. Muhtasari wake ukifika Bodi, makatibu wengi huandika: "Bodi ilithibitisha muhtasari wa Kamati ya Mikopo." Sentensi hiyo ina maana kwamba Bodi inashuhudia kilichosemwa kwenye kikao ambacho haikukaa. Mkaguzi, awe wa COASCO (shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika Tanzania) au wa kampuni binafsi, ana haki ya kuuliza: mlijuaje? Andika hivi: "Bodi ilipokea muhtasari wa kikao Na. 5 cha Kamati ya Mikopo. Bodi iliidhinisha mapendekezo (a) hadi (c). Pendekezo (d) limerudishwa kwa kamati kwa kuwa mwombaji hana mdhamini wa pili." Muhtasari unathibitishwa, pendekezo linaidhinishwa. Maneno haya mawili yakichanganywa, ukurasa unaonekana sawa hadi siku ya mgogoro.

Mkanganyiko mwingine ni wa mjumbe anayesema: "Sithibitishi, mimi niliupinga uamuzi huo." Kuthibitisha ni kukiri kwamba karatasi imeandika yaliyotokea. Aliyepinga anatakiwa kuangalia kama upinzani wake umeandikwa; ukiwepo, anathibitisha. Na ambaye hakuhudhuria hazuiwi kushiriki, ingawa busara ni kumwacha aliyekuwepo atoe hoja na mwingine aliyekuwepo aunge mkono. Kama wote waliokuwepo wameshamaliza muda wao, basi rasimu ya katibu na daftari la mahudhurio ndivyo vitakavyotegemewa, na hilo liandikwe wazi.

Sasa turudi kwenye kikao cha pamoja, ambako ugumu halisi upo. Kuna akidi mbili, si moja; akidi ni idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Tuseme Bodi ina wajumbe 7, Kamati ya Usimamizi ina 3, na masharti ya chama yanataka zaidi ya nusu. Wamekuja 8: wote 7 wa Bodi na mmoja wa Kamati. Mwenyekiti anahesabu vichwa, 8 kati ya 10, anasema akidi imetimia. Haijatimia. Bodi ina akidi, Kamati haina, ilihitaji 2. Kikao hicho ni kikao cha Bodi chenye mwalikwa mmoja, na azimio lolote linaloanza na "tumekubaliana kwa pamoja" halina miguu. Kwa hiyo orodha ya mahudhurio igawanywe tangu juu: Wajumbe wa Bodi, Wajumbe wa Kamati ya Usimamizi, Walioomba udhuru (kwa kila upande), Waalikwa. Meneja akiwa katibu, aandikwe kama katibu, asihesabiwe kwenye akidi. Muda wa kuingia na kutoka uandikwe pia. Mjumbe wa pili wa Kamati akiondoka saa 6:20 mchana, maazimio ya baada ya hapo yanaweza kuwa ya upande mmoja.

Kwenye mwili wa muhtasari, tenganisha sauti. Kamati ya Usimamizi kazi yake ni kuangalia, haiendeshi chama. Ikiandikwa kwamba "kikao kiliazimia kununua pikipiki", Kamati imeshiriki uamuzi ambao baadaye itatakiwa kuukagua. Andika "Kamati ilishauri nukuu tatu za bei zipatikane kwanza" na mstari unaofuata "Bodi iliazimia kununua baada ya nukuu kupatikana". Ni mistari miwili tu, lakini kwenye mkutano mkuu ndiyo itakayoonyesha nani alisema nini.

Katibu awe mmoja, na akubaliwe kabla ya ajenda ya kwanza. Pande mbili zikiandika kila mmoja wake, zitakuwepo karatasi mbili zenye tarehe moja na maneno tofauti, na zote zitasainiwa. Kama Kamati haina imani na meneja kuwa katibu, iweke mtu wake aandike maelezo, na walinganishe maazimio kabla watu hawajatawanyika.

Jinsi ya kuuthibitisha? Njia inayojulikana ni kuusubiri mkutano wa pamoja unaofuata. Inafaa kama mnakaa pamoja kila robo mwaka. Mkikaa mara moja kwa mwaka, haifai hata kidogo: watu wamesahau, wengine wametoka madarakani, na benki haiwezi kusubiri miezi 12 ili ibadilishe watia saini.

Njia ninayoiona bora zaidi ina hatua mbili. Kabla ya kufunga, mwenyekiti anatoa dakika 20. Katibu anasoma maazimio peke yake, si mjadala, neno kwa neno na takwimu zake. Yakikubaliwa, wenyeviti wa pande zote mbili wanasaini karatasi hiyo palepale. Halafu muhtasari kamili unatayarishwa ndani ya siku 7, unatumwa kwa wote kama PDF yenye neno RASIMU juu ya kila ukurasa. Usitume faili la Word kwenye kundi la WhatsApp. Kufikia jioni kuna matoleo manne na hakuna anayejua lipi ni la katibu. Marekebisho yaje kwa katibu yakitaja ukurasa na aya, ndani ya siku 5.

Baada ya hapo kila chombo kinauthibitisha kwenye kikao chake. Hapa sharti ni moja gumu: maandishi yawe yaleyale. Bodi ikibadilisha hata tarakimu, mabadiliko yanarudi Kamati kabla ya saini. Ndiyo maana chini ya kila ukurasa panakuwepo "Toleo la 2, uk. 3 kati ya 6" na herufi za mwanzo za majina ya wasaini. Mwisho wa muhtasari weka sehemu mbili, si moja:

"Umethibitishwa na Bodi katika kikao Na. ....... cha tarehe ....... Mwenyekiti ....... Katibu ......."

"Umethibitishwa na Kamati ya Usimamizi katika kikao Na. ....... cha tarehe ....... Mwenyekiti ....... Katibu ......."

Sehemu moja ikiwa tupu, muhtasari bado ni rasimu, hata kama una mihuri mitatu.

Makosa yakionekana siku ya kuthibitisha, kwa mfano 4,000,000 imeandikwa mahali pa 400,000, katibu anakata kwa mstari mmoja unaoacha tarakimu ya zamani isomeke, anaandika sahihi juu yake, wenyeviti wote wawili wanatia herufi zao pembeni. Wino mweupe wa kufutia usikaribie faili hili. Kosa likigundulika baada ya saini, ukurasa wa zamani hauguswi: azimio la kusahihisha linaandikwa kwenye muhtasari mpya, na pembeni mwa ule wa zamani panaandikwa "Tazama kikao Na. ...". Kuchana ukurasa na kuchapa mwingine kunaitwa kughushi, hata kama nia ilikuwa kurekebisha tahajia.

Ajenda ya "Yatokanayo", yaani ya kufuatilia maazimio ya muhtasari uliopita, nayo ichungwe. Hapo ni pa kuuliza pikipiki imenunuliwa au bado. Anayetaka kuirudisha hoja ya pikipiki mezani aombe ajenda mpya, na kwa jambo la pamoja, aiombe kwenye kikao cha pamoja.

Utaratibu wa tarehe nao una uzito wake, na mfano ulio wazi zaidi uko kijijini. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaidhinisha. Ukikuta muhtasari wa Halmashauri wa tarehe 10 unasema "imegawa ekari 5", na wa Mkutano Mkuu ni wa tarehe 14, umeshapata kasoro bila kusoma ukurasa wa pili. Kwenye SACCOS ni hivyohivyo: jambo ambalo masharti yanataka ridhaa ya mkutano mkuu, Bodi haiwezi kulitekeleza Machi na kuliombea ridhaa Juni.

Benki ikiomba muhtasari, usiipe wote. Humo mna majina ya wadaiwa na sababu za kunyimwa mikopo. Toa nukuu ya azimio husika: namba ya kikao, tarehe, mahudhurio kwa idadi, akidi ya kila upande, azimio neno kwa neno, saini na mhuri. Nakala halisi inabaki kwenye faili, moja kwa Bodi na moja kwa Kamati, na Kamati isikubali kuachiwa fotokopi.