Methani Inayovuja: Anayeiona na Anayeizuia

Anayepikia gesi ya mtungi hahitaji kufundishwa namna ya kutafuta uvujaji: hupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na mtungi, kisha hutazama kama vipovu vinavimba. Mafundi wa gesi asilia nao hufanya hivyo hivyo hadi leo, kwenye vituo vilivyogharimu mabilioni ya shilingi, na wala hawaoni haya, kwa sababu povu likishavimba ubishi umekwisha. Lakini povu humfaa mtu ambaye tayari anajua aanzie wapi. Kituo kimoja cha kusindika gesi kina maelfu ya vali, flanji (pete za chuma zinazofungwa kwa bolti kuunganisha mabomba) na maungio, na kati ya kisima na kisima panaweza kuwa na mwendo wa kilometa kadhaa. Hapo ndoo ya sabuni haifiki mbali.

Pua nayo haitoshi. Gesi ya mtungi hunuka kwa sababu imetiwa makusudi merkaptani, kemikali yenye harufu kali, ilhali methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, haina rangi wala harufu. Marekani ilianza kulichukulia jambo hili kwa uzito baada ya mlipuko wa shule ya New London, Texas, tarehe 18 Machi 1937, ulioua wanafunzi na walimu wapatao 300 kwa gesi iliyojikusanya chini ya jengo bila mtu yeyote kuinusa. Tangu hapo gesi inayopelekwa majumbani hutiwa harufu, lakini ile iliyo visimani, kwenye mitambo ya kusindika na katika mabomba mengi makubwa huwa bado haijatiwa.

Kwa miaka mingi shabaha ya kutafuta uvujaji ilikuwa usalama peke yake. Methani huweza kulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, hivyo kifaa kilichopiga king'ora kabla ya kufikia kiwango hicho kilihesabika kuwa kimetimiza wajibu wake. Suala la tabianchi limebadili kipimo chenyewe. Methani hudumu angani kwa takriban miaka 12 tu, lakini ukiihesabu kwa kipindi cha miaka 20, tani yake moja hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya kaboni dioksidi. Hewa ya kawaida duniani ina methani isiyofika sehemu 2 kwa milioni, na sasa tunataka kujua ni wapi kiwango hicho kimepanda kidogo tu, kwa sababu gani, na kwa kilo ngapi kila saa. Kisichoweza kulipua nyumba kinaweza bado kuwa hasara kubwa.

Chombo kinachojulikana zaidi viwanjani ni kamera ya infraredi, yaani inayoona mwanga usioonekana kwa macho. Methani hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 3.3, na kamera hizi huwa na kichujio kinachoruhusu mawimbi yaliyo karibu na hapo tu, pamoja na kitambuzi kilichopozwa hadi baridi kali ili joto la kamera yenyewe lisiharibu picha. Matokeo yake ni kwamba gesi ambayo jicho haliioni hutokea kwenye kioo kama moshi unaofuka kutoka kwenye flanji. Nakiri kwamba picha hizo zina nguvu ya kushawishi ambayo jedwali la takwimu halitaipata kamwe. Hata hivyo kamera ina masharti yake. Ikiwa joto la gesi na joto la kilicho nyuma yake vinalingana, haitaonyesha kitu. Upepo ukizidi, moshi hutawanyika kabla haujaonekana. Na kwa kawaida haisemi ni kiasi gani kinachotoka, bali kwamba kinatoka.

Sharti kubwa kuliko yote ni mtu anayeishika. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kina uwanja wa majaribio huko Fort Collins, uliojengwa kwa mitambo halisi ya gesi, ambamo watafiti hufungulia methani mahali pa siri na kwa kiasi wanachokijua wao wenyewe. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020, wakaguzi waliokwisha kukagua zaidi ya vituo 550 katika kazi zao waligundua uvujaji mara 1.7 zaidi ya wale wenye uzoefu mdogo. Kamera zilikuwa za aina ile ile. Ndiyo maana nikisikia kwamba mamlaka fulani imenunua kamera mpya, swali langu la kwanza ni nani atakayezitumia na ameshazitumia mara ngapi, hata kabla ya kuuliza bei, ambayo kwa hakika si ndogo.

Mijini njia ni nyingine. Gari hufungwa kifaa kinachovuta hewa ya barabarani na kuipitishia leza ndani ya chumba kidogo chenye vioo, ambamo mwanga hurudishwa huku na huko mara nyingi hadi hata chembe chache za methani hutambulika. Watafiti waliozunguka barabara zote za Boston, takriban kilometa 1,260, walichapisha mwaka 2013 kwamba walikuta sehemu 3,356 zenye uvujaji, nyingi zikihusiana na mabomba ya zamani ya chuma cha kalibu yaliyofukiwa chini ya lami. Nyingi kati ya hizo zilikuwa ndogo. Nazitaja kwa haraka kwa sababu uzito wa mambo uko kwingine.

Tarehe 23 Oktoba 2015, wafanyakazi wa hifadhi ya gesi ya Aliso Canyon, iliyo kwenye vilima vya kaskazini mwa Los Angeles, waligundua kwamba kisima kinachoitwa SS-25 kinavuja. Kisima hicho kilichimbwa mwaka 1953 kwa ajili ya mafuta, kisha kikageuzwa kuwa mlango wa kuingizia na kutolea gesi inayohifadhiwa chini ya ardhi. Kwa kuwa gesi hiyo ilikuwa imekwisha kutiwa harufu, wakazi wa Porter Ranch, mtaa ulio chini ya vilima, hawakuhitaji kifaa chochote kujua kuna jambo: waliumwa vichwa, walitokwa damu puani, na hatimaye zaidi ya kaya 8,000 zilihamishwa. Kwa hiyo suala halikuwa kugundua uvujaji bali kujua ukubwa wake, na hapo ndipo vifaa vilipohitajika kweli.

Jibu lilitoka kwenye ndege ndogo yenye injini moja. Mwanasayansi Stephen Conley aliirusha mapema mwezi Novemba, akipita mara kwa mara upande ambao upepo ulikuwa unakwenda, kwa kimo tofauti tofauti, huku kifaa kikipima methani kila sekunde. Ukijua kiasi cha gesi kilicho katika ukuta huo wa hewa na ukajua kasi ya upepo unaoupitisha, hesabu ya kinachotoka kisimani haina uchawi. Hesabu ilionyesha tani kati ya 40 na 60 kila saa. Majaribio ya kukiziba kisima kwa kumimina tope zito kutoka juu yalishindikana, ikabidi kuchimba kisima kingine pembeni ili kukifikia cha kwanza chini kabisa. Uvujaji ulidhibitiwa tarehe 11 Februari 2016, baada ya tani zipatazo 97,100 za methani kutoroka. Bila ndege ile tungebaki na makadirio ya mwenye kisima na hasira za wakazi, na kati ya hivyo viwili sijui lini suluhu ya idadi ingepatikana.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulieleza kwamba bomba la chuma linalokinga kisima lilikuwa limeliwa na kutu kutoka nje, kutu iliyosababishwa na vijidudu katika maji ya ardhini, na kwamba vali ya usalama iliyokuwa chini ya ardhi iliondolewa mwaka 1979 bila kuwekwa nyingine. Hakuna kamera wala setilaiti ambayo ingeona kutu hiyo. Jambo hili husahaulika katika mijadala ya teknolojia: vifaa vya kugundua huanza kazi pale ambapo matengenezo yameshindwa.

Aliso Canyon ilifungua ukurasa mwingine pia. Setilaiti ya NASA iitwayo EO-1, iliyorushwa mwaka 2000 bila kukusudiwa hata kidogo kutafuta methani, ilifanikiwa kuliona wingu la SS-25 kutoka angani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa uvujaji wa kituo kimoja kuonekana kutoka kwenye obiti. Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Kifaa cha TROPOMI, kilichomo ndani ya setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-5P iliyorushwa Oktoba 2017, hupita juu ya karibu dunia yote kila siku, lakini kila nukta ya picha yake ina upana wa kilometa kadhaa, hivyo hukamata majitu tu, yale yanayotoa makumi ya tani kwa saa. Kampuni ya GHGSat ya Montreal ina setilaiti ndogo zinazotofautisha nukta za takriban meta 25, zenye uwezo wa kumwonyesha mwendeshaji ni kisima kipi hasa, isipokuwa lazima kwanza ziambiwe zitazame wapi. Kifaa cha EMIT, kilichofungwa mwaka 2022 kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu ili kuchunguza vumbi la jangwani, kilikuta mawingu 12 ya methani mashariki ya mji wa Hazar, Turkmenistan. MethaneSAT ilirushwa Machi 2024 ili kuziba pengo kati ya wanaoona mapana na wanaoona kwa karibu, nayo mawasiliano yake yakakatika Juni 2025.

Katika taarifa za setilaiti majina ya jangwani ndiyo yanayotawala: Turkmenistan, Algeria, New Mexico, magharibi mwa Texas. Ni kweli kwamba kuna gesi nyingi huko, lakini pia mchanga mkavu usio na mawingu ndio unaorudisha mwanga wa jua vizuri zaidi kuelekea setilaiti. Maji hufyonza mwanga huo wa infraredi, na juu ya bahari picha hupatikana tu pale ambapo setilaiti inakutana na mng'ao wa jua kwa pembe maalumu. Juu ya ukanda wa tropiki mawingu humaliza siku nyingi za mwaka. Gesi ya Songo Songo, inayofika Dar es Salaam tangu mwaka 2004, husindikwa kisiwani na kuvuka bahari kwa bomba. Ramani ya dunia isiyo na nukta nyekundu kwenye pwani yetu haithibitishi usafi wala uchafu. Inathibitisha tu kwamba kwa mazingira kama hayo vipimo vya ardhini, vya majini na vya ndege ndivyo vyenye neno la mwisho, na sitakubali afisa yeyote anionyeshe picha ya setilaiti kama cheti.

Sababu ya kuhangaika na majitu ni kwamba uvujaji haugawanyiki sawasawa. Watafiti waliokusanya vipimo vya maelfu mengi kutoka Amerika Kaskazini walikuta kwamba asilimia 5 ya sehemu kubwa zaidi zinazovuja hubeba zaidi ya nusu ya gesi yote inayopotea. Baadhi ya majitu hayo hayatokani na kilichovunjika. Mwenge wa kuchomea gesi isiyotumika ukizimwa na upepo huendelea kumwaga methani mbichi, na vipimo vya ndege vilivyochapishwa mwaka 2022 kutoka maeneo makuu ya mafuta ya Marekani vilionyesha kwamba miali hiyo, pamoja na ile iliyozimika, huharibu takriban asilimia 91 ya methani, si 98 kama ilivyokuwa ikidhaniwa. Ukaguzi wa kamera unaofanywa mara mbili au nne kwa mwaka unaweza kupita siku ambayo mwenge unawaka vizuri kabisa. Ningechagua kifaa kisicho makini sana kinachotazama kila siku kuliko kilicho makini mno kinachokuja baada ya miezi sita.

Kuona bado si kuzuia. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, linaendesha mfumo wa tahadhari unaochukua data za setilaiti na kuwajulisha serikali na kampuni husika kwamba mahali fulani pana wingu kubwa la methani. Taarifa yake ya mwaka 2024 ilieleza kwamba katika miaka miwili zilipelekwa tahadhari zipatazo 1,200, na zilizopata jibu la maana zilikuwa takriban asilimia 1. Mojawapo ya chache zilizofanikiwa ni uvujaji wa Hassi Messaoud, Algeria, uliozuiwa Oktoba 2024. Watafiti walipofukua picha za zamani za Landsat, setilaiti za Marekani za kupiga picha za ardhi, walikuta kwamba sehemu hiyo ilikuwa ikitoa methani tangu mwaka 1999.

Kuna pia hali ambayo kila mtu anajua na bado haizuiliki kwa urahisi. Kisima cha Karaturun huko Kazakhstan kililipuka na kushika moto Juni 2023, na hakikuzibwa hadi Desemba, huku setilaiti zikipita juu yake na kupima wiki baada ya wiki.

Kwa hiyo kati ya sheria zilizopo, iliyonivutia zaidi ni kanuni ya methani ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Agosti 2024, na si kwa sababu ya vifaa inavyovitaja. Inaweka muda: uvujaji uliogunduliwa na kuvuka kiwango kilichowekwa urekebishwe papo hapo, na isipowezekana, jaribio la kwanza lifanyike ndani ya siku 5 na kazi ikamilike ndani ya siku 30. Ilivyopitishwa, inawagusa pia wanaoiuzia Ulaya gesi, hivyo ina uzito hata kwa mradi wa kusindika gesi ya bahari kuu kuwa kimiminika mkoani Lindi, ambao mazungumzo yake yamechukua miaka mingi. Mkataba huo ukija kutiwa saini, ningependa kuona siku hizo 5 na 30 zimo ndani yake, pamoja na jina la ofisi itakayopokea tahadhari ya setilaiti usiku wa Jumamosi.