Mama aliitambua Kreta kabla yangu

Ukitoka Donauwörth kwenda Nördlingen, kusini mwa Ujerumani, treni inapita Harburg, mahali ambapo bonde limebanana: mto Wörnitz chini, na juu ya mwamba ngome ya kale iliyokaa kama tai. Dakika chache tu baadaye vilima vinaachana, na mbele yako panafunguka tambarare pana ya ngano na viazi, na vijiji vyenye paa nyekundu. Mama alikuwa amekaa dirishani, kanga mabegani, mkoba mapajani. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akanigusa goti.

"Mwanangu, tumeingia Kreta."

Nilitaka kumwambia hapana, Mama, hapa ni Bavaria. Lakini nikatazama kule alikoonyesha kwa kidevu, nikaona. Mstari wa vilima vyenye msitu ulizunguka upeo wote, mbali na wa buluu, kama ukingo wa bakuli. Sisi ni watu wa Karatu. Mtoto wa Karatu anakua akijua kwamba nyuma ya msitu ule wa juu kuna shimo kubwa la Ngorongoro, tunaloliita Kreta, na hata asipobahatika kuingia, anajua ardhi inavyokaa pale inapozunguka. Nimeishi Augsburg miaka sita nikifanya kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee, na njia hii nimeipita mara mbili. Sikuwahi kuona kitu. Mama alikuwa na wiki mbili tu Ujerumani.

Mji wenyewe nilimchagulia kwa sababu ni mdogo, hauna kelele, na miguu yake si ya kuzunguka München kutwa. Nördlingen umezungukwa na ukuta wa mawe, na ukuta huo haujakatika popote: kilomita 2.7, duara kamili, na juu yake kuna njia ya mbao iliyoezekwa vigae mwanzo hadi mwisho. Unapanda ngazi kwenye lango lolote kati ya malango matano, bila kulipa chochote, unatembea mvua ikinyesha nje na wewe umo kivulini. Upande mmoja kuna vitundu vya kurushia mishale, upande mwingine unachungulia nyua za watu: kamba za nguo, vitanda vya vitunguu, baiskeli ya mtoto. Vinyumba vingine vimejengwa vikiegemea ukuta kabisa, kama kifaranga kwenye ubawa wa mama yake.

Mama aliuliza swali ambalo mimi nisingeliuliza: mbona hawakuubomoa? Kwetu jengo likizeeka linatoa matofali ya jengo jipya. Na kweli, karne ya 19 miji mingi ya Ujerumani ilibomoa kuta zake ili ipanuke. Hapa biashara ilikuwa imelala na mji haukuwa na haraka ya kupanuka, na mwaka 1826 mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria akakataza kuta za miji zisibomolewe. Mama akatikisa kichwa polepole. "Kumbe umaskini nao umewahifadhia kitu."

Tulishukia upande wa watengeneza ngozi, kando ya kijito cha Eger. Nyumba zao ni ndefu kwenda juu, na chini ya paa zina varanda wazi ambako ngozi zilianikwa upepo uzipige. Kuta ni fremu za mbao, na katikati ya mbao walijaza fito na udongo kisha wakapaka chokaa. Mama alisimama mbele ya nyumba moja kwa muda mrefu. Fito na udongo anavijua, nyumba aliyozaliwa ilijengwa hivyo. Akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia: bibi yake alikuwa na vazi la ngozi lililotariziwa shanga, na Mama alipokuwa mtoto aliruhusiwa kuligusa siku za sherehe tu. Nilikuja kumwonyesha Bavaria, yeye akanipa habari za nyanya yake.

Katikati ya mji kuna kanisa la Mtakatifu George, lililojengwa kati ya mwaka 1427 na 1505. Nilikuwa nimemwandaa kwa kanisa la Kikatoliki, maana sehemu kubwa ya Bavaria ni Wakatoliki. Kumbe Nördlingen ilifuata Matengenezo ya Luther, na kanisa ni la Kilutheri hadi leo. Mama ni Mlutheri wa KKKT wa kuzaliwa. Alikaa benchi ya tatu kutoka mbele, akavua viatu vilivyombana, akafumba macho. Nikamwacha pale nikapanda mnara.

Mnara huo wanauita Daniel. Una urefu wa mita 90 hivi, na ngazi 350. Za mwanzo ni za mawe, zimelika katikati kwa nyayo za watu wa miaka mia tano, za juu ni za mbao na zinalia. Sitamdanganya mtu, mapaja yalitetemeka. Lakini ukitokeza juu unaona duara mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni ya karibu: paa nyekundu zimejipanga ndani ya ukuta wa mviringo. Ya pili ni ile ya Mama, ukingo wa vilima unaozunguka tambarare nzima yenye upana wa kilomita 24 hivi. Wanaiita Ries.

Nikashuka nikamwambia alikuwa sahihi. Akasema, "Sasa volkano yake ilizimika lini?"

Jibu tulilipata kwenye makumbusho ya Ries, ndani ya ghala la mbao la mwaka 1503. Haikuwa volkano. Ngorongoro yetu ni mlima wa moto uliodidimia wenyewe, lakini Ries ni kidonda. Miaka milioni 15 hivi iliyopita kimondo chenye upana wa kilomita moja hivi kilianguka kutoka angani. Mtanzania anayekijua kimondo cha Mbozi, kile cha tani nyingi kilicholala Songwe, ajaribu kupata picha ya kitu cha ukubwa wa mlima. Jiwe lenyewe liliyeyuka na kuwa mvuke, shimo likabaki, shimo likawa ziwa, ziwa likakauka, na sasa ni ardhi yenye rutuba.

Kilichonigusa ni hiki: wataalamu wa Ujerumani wenyewe waliamini kwa miaka mingi kwamba ni volkano. Walikuwa na sababu, maana mawe yake yanafanana na majivu ya volkano yaliyoganda. Ni mwaka 1960 Wamarekani wawili, Eugene Shoemaker na Edward Chao, walipopata ndani yake aina ya kwatzi ambayo haizaliwi ila kwa mgandamizo wa kutisha, usiopatikana kwenye volkano. Jiwe hilo lenye asili ya kishindo wanaliita suevaiti, na kanisa la Mtakatifu George limejengwa kwalo, mnara na yote. Ndani yake mna vipande vya almasi vidogo mno, jicho halivioni. Mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 14, Alan Shepard na Edgar Mitchell, waliletwa hapa kujifunza kutambua mawe ya namna hii kabla ya kwenda mwezini. Makumbusho wamepewa jiwe halisi la mwezi, lililoletwa na Apollo 16. Mama alilitazama, akauliza kama limeombwa au limechukuliwa tu.

Tulirudi kanisani kwa sababu hiyo moja. Akaweka kiganja ukutani, kwenye jiwe la kijivu lenye madoa, akakiacha pale. Sikumuuliza anawaza nini.

Kisha likaja jambo ambalo sikulipanga. Kwenye uwanja wa Weinmarkt kuna chemchemi ya kumbukumbu ya mwanamke aitwaye Maria Holl. Alikuwa mwenye nyumba ya wageni. Mwaka 1593 alikamatwa kwa tuhuma za uchawi, katika miaka ambayo mji huu uliwachoma moto wanawake 34 na mwanaume mmoja. Walimtesa mara 62. Hakukiri, wala hakutaja jina la mtu mwingine, na kutaja majina ndiko kulikokuwa kunaleta kuni mpya kwenye moto. Oktoba 1594 ikabidi wamwachie. Aliishi miaka 40 zaidi.

Nilimtafsiria Mama polepole. Alinyamaza. Katika kanisa letu kule nyumbani kuna mama ambaye dada yake mkubwa aliuawa upande wa Shinyanga, usiku, kwa mapanga, kwa sababu alikuwa mzee, mjane, na macho yake yalikuwa mekundu. Sote tunajua macho ya bibi zetu yanakuwaje mekundu. Ni moshi. Ni miaka 50 ya kupuliza kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe ili watoto wale.

"Yangu nayo mekundu," Mama akasema.

Kisha akauliza nani aliweka chemchemi ile. Nikamwambia ni watu wa mji. Akataka kujua kama watoto wa shule wanaletwa pale kuambiwa habari hiyo, na kama majina ya wale 35 yameandikwa mahali. Alitaka jina. Nilimwona akipeleka vidole kwenye maji kisha akajipangusa usoni. Mimi nataka jiwe la kumbukumbu, kama chemchemi ile, kule Shinyanga, Mwanza, Geita, na majina juu yake, na mkuu wa wilaya akilizindua kwa sauti kubwa. Nimeandika haya yote hasa kwa ajili ya aya hii.

Jioni tulikula kwenye nyumba ya wageni, supu na mkate mweusi ambao Mama aliutafuna kwa subira. Mdogo wangu alituma ujumbe kutoka Karatu: waulize kama kweli Gerd Müller, yule mfungaji wa Ujerumani, ametoka hapo. Kweli, alizaliwa hapa mwaka 1945, akachezea timu ya mji kabla ya kwenda Bayern mwaka 1964. Uwanja wa mpira una jina lake.

Nilikuwa nimemwambia Mama tusilale mapema. Mwezi Juni jua linachelewa kuzama, na saa nne usiku mbingu ilikuwa bado na weupe kidogo. Juu ya Daniel kuna mlinzi, na kila usiku kuanzia saa nne hadi saa sita, kila nusu saa, anaita kutoka dirishani: "So, G'sell, so!", yaani "Ndivyo, mwenzangu, ndivyo!" Wanasimulia kwamba mwaka 1440 walinzi wa lango walihongwa na mtawala jirani waliache lango bila komeo. Nguruwe jike akaja kujikuna kwenye lango, likasogea, na mwanamke aliyekuwa akimpelekea mumewe bia akaona na kupiga kelele kwa maneno hayo hayo. Mji ukapona.

Tulisimama chini ya mnara, Mama amejitanda kanga mbili. Alipenda kwamba aliyeona alikuwa mwanamke. Akaniambia nimpigie mdogo wangu simu, na kwao ilikuwa saa tano. Akaitika kwa sauti ya usingizi.

"Shikamoo Mama. Kuna nini huko?"

"Marahaba. Nyamaza, usikie."

Akainyanyua simu juu ya kichwa chake, mkono umenyooka, na kutoka juu kabisa ile sauti ikashuka.