Kilo Nane za Sukari

Mama yangu anauza mahamri na mbaazi za nazi pale Makorora tangu sijaanza shule. Kila jioni hununua sukari kilo moja ya kupima kwa ami mwenye duka la mtaa wa nyuma, na mwaka mzima uliopita, kila jioni, nilimsikia akisema neno lile lile akiwa ameuinua mfuko wa khaki: "Hii kilo haijatimia." Mkono wake ndio mizani. Mtu aliyekanda unga miaka yote hiyo, nani wa kumbishia?

Basi muhula wa pili ulipoanza, na mwalimu wa takwimu akatutaka kila mmoja atafute kitu cha nyumbani kwao akipime, sikuwaza mara mbili.

Nasoma stashahada ya uhasibu hapa hapa Tanga. Takwimu za muhula wa kwanza zilikuwa za kueleza kilichopo mbele yako: wastani, mediani, modi, chati, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Unapewa namba, unazipanga, unazieleza, yameisha. Wengi tulifaulu vizuri tukadhani somo tumelimaliza. Muhula wa pili unakutaka useme juu ya vitu ambavyo hujaviona, kwa kutumia vichache ulivyoviona, halafu ueleze una hatari kiasi gani ya kukosea. Kufika wiki ya tatu darasa lilikuwa limenyamaza. Wenzangu waliozoea kukariri madesa walishaanza kuitaja sapu, mtihani wa marudio, kabla hata ya tesiti ya kwanza.

Mimi nilishikwa na habari ya Gosset. William Sealy Gosset alikuwa mkemia, akaajiriwa mwaka 1899 na kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin. Kazi yake ilikuwa na vipimo vichache: vinne hapa, kumi pale. Hesabu za wakati ule zilitegemea sampuli kubwa. Ukiwa na vipimo vichache, ule mkengeuko unaoukokotoa nao unayumba, hivyo ukitumia mpaka wa 1.96, ule ambao ukiuvuka unasema tofauti ipo, kama mtu mwenye mamia ya vipimo, utaona tofauti mahali ambapo haipo. Gosset akakokotoa mgawanyo mwingine, yaani picha ya namna namba zinavyotawanyika, wenye mikia mizito zaidi, unaoacha nafasi kubwa zaidi kwa namba za mbali, unaobadilika kulingana na idadi ya vipimo ulivyo navyo. Ulichapishwa mwaka 1908 kwenye jarida la Biometrika, lakini si kwa jina lake, maana mwajiri hakuruhusu wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao. Alijiita "Student", yaani mwanafunzi, na mpaka leo mgawanyo huo unaitwa wa Student. Mtu yuko kazini, ana vipimo vinane, anataka kujua ana haki ya kusema nini kutokana na hivyo vinane. Nikamwona Mama na mifuko yake ya khaki.

Nikanunua mizani ndogo ya jikoni, ya kidijitali. Jioni nane mfululizo, Mama akileta sukari, naweka bakuli juu ya mizani, nabonyeza isome sifuri, ndipo namimina taratibu mpaka punje ya mwisho, nakung'uta na pembe za mfuko. Mama alisimama mlangoni na kanga yake begani, haongei, anasoma namba pamoja nami. Gramu 985, 1002, 978, 990, 995, 970, 988, 1000. Ile siku ya 970 alipiga kofi moja tu: "Umeona?"

Nilikokotoa kwenye meza ya kukandia, baada ya kuifuta unga. Wastani ni gramu 988.5. Mkengeuko sanifu ni 10.85, na hapo unagawanya kwa 7 badala ya 8. Hili la 7 lilinisumbua sana darasani. Kule tunafundishwa kwa Kiingereza, na nikisikia jina lake naandika tu. Nilipolazimika kumweleza Mama kwa Kiswahili ndipo nikalielewa. Nilimwambia: chukulia una mahamri 40 na watoto wanane, na umeamua yote yaishe. Saba wa kwanza unaweza kuwapa upendavyo. Wa nane huna hiari naye, anapata kilichobaki. Ukishaujua wastani, namba saba ziko huru na ya nane imefungwa. Hizo ndizo digrii za uhuru. Mama akasema, "Sasa si wangeandika hivyo."

Ukigawanya 10.85 kwa kipeuo cha pili cha 8 unapata kama 3.84, ambayo ndiyo kiasi cha kuyumba kwa wastani wenyewe. Wastani wangu uko gramu 11.5 chini ya kilo. Gawanya 11.5 kwa 3.84, unapata t, namba ya jaribio la Student: 3.00, upande wa hasi. Kwenye jedwali, kwa digrii 7 za uhuru na kiwango cha asilimia 5, yaani hatari niliyoikubali ya kukataa kimakosa, mpaka ni 2.365. Nimeuvuka. Nadharia tete, yaani dai linalojaribiwa, kwamba kilo ya dukani ni gramu 1,000 inakataliwa.

Mama alilala na furaha usiku ule, na mimi pia. Asubuhi, akigawa mahamri, aliwaambia wanawake watatu wa mtaani kwamba mwanawe amepima kwa hesabu za chuo na imethibitika. Neno lile "imethibitika" nilimpa mimi.

Nilipowasilisha kazi yangu kwenye semina, mwalimu aliipitia hesabu yote mstari kwa mstari, hakukuta kosa. Akauliza jambo moja: "Na mizani yako, nani ameipima?"

Sikuwa na jibu. Hakunigombeza. Akatuuliza kama tunajua mkonge ulifikaje Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikafia njiani karibu yote. Iliyofika hai ni 62, na kutokana na hiyo ndipo mashamba yakaenea. Mkonge hupandwa kwa vitoto vinavyotoka kwa mama yake, hivyo kile alichokuwa nacho mama, mtoto anacho. "Sampuli ni hivyo hivyo," akasema. "Ukipanda mche wenye kasoro, hata ukipanda ekari elfu, kasoro ile ile ndiyo utakayovuna." Jaribio la t linashughulika na namba zinazoyumba huku na huku. Zikiwa zote zimevutwa upande mmoja, lenyewe haliwezi kujua. Hata ningepima jioni 800, ningezidi tu kuwa na uhakika wa kosa.

Nilitoka chuoni nikapitia soko la Mgandini. Kuna mama muuza karanga pale bado anatumia mizani ya mawe, na jiwe lake la kilo lina muhuri wa Wakala wa Vipimo. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akaniazima kwa dakika kumi kwa sharti kwamba nisitoke mbele ya macho yake. Nikatoa mizani yangu kwenye mkoba, nikaiweka juu ya kreti, nikalitua jiwe. Ikasoma 989. Nikaliondoa, nikasubiri sifuri, nikaweka tena. 989. Mara tano, 989 zote tano. Jiwe lilikuwa baridi na zito mkononi, na nilijua kabla hata ya kukokotoa.

Ukiongeza gramu 11 kwenye kila kipimo changu, wastani unakuwa 999.5. Mkengeuko haubadiliki, kwa sababu namba zote zimesogea pamoja. Nusu gramu ukiigawanya kwa 3.84 unapata 0.13, haikaribii hata kidogo ile 2.365.

Kumwambia Mama ndiko kulikonipa tabu kuliko mtihani wowote wa muhula ule. Nilisubiri amalize kukuna nazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo ami hatuibii?"

Hapa ndipo ninapoliheshimu somo hili. Jibu rahisi lilikuwa kusema ndiyo, hatuibii. Lakini mwalimu anakata alama ukiandika kwamba umeikubali nadharia tete. Unaandika kwamba umeshindwa kuikataa. Darasani tulidhani ni kubishania maneno tu. Kumbe mtu akishasimamishwa mbele yako, yuko hatiani au hana hatia, maneno hayo mawili hayalingani uzito. Nikamwambia, "Mama, nilichopima hakionyeshi kwamba anatuibia. Siku moja moja inapungua, siku nyingine inazidi. Zaidi ya hapo sina haki ya kusema."

Akakaa kimya kidogo. "Na wale niliowaambia?"

Aliwafuata jioni ile ile, nyumba kwa nyumba, wote watatu. Sikumtuma. Nilimwona tu anavaa buibui, anaondoka.

Baada ya hapo tulisoma kai-skweya ya Karl Pearson, jaribio la kulinganisha hesabu za makundi, nikaipita bila shida, na sasa tuko kwenye regresheni, ya kukadiria kitu kimoja kutokana na kingine, ambayo nayo ina habari zake kuanzia Galton na urefu wa wazazi na watoto wao. Nitaandika siku nyingine nikishaielewa vya kutosha kumweleza Mama. Mizani yangu bado ninayo. Nimebandika kipande cha karatasi ubavuni mwake: ongeza 11.

Juzi Mama alikuwa na homa, nikaenda mimi kununua sukari. Ami alichota, akamimina, mshale ukapita kidogo, akapunguza nusu kijiko. Ukarudi nyuma, akaongeza punje chache kwa ncha za vidole, akasubiri utulie. Niliangalia vidole vile muda wote. Aliniuliza hali ya Mama, nikamwambia anaendelea vizuri. Akafunga mfuko, akanipa na tangawizi moja nimpelekee, hakutaka kuilipisha.